Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Tumsifu Yesu Kristo!

Wazee wetu, mama zetu, na vijana wachache wa jumuiya yetu ya Wakatoliki wa Kiswahili hapa Uingereza mliopata nafasi ya kuja: Misa za Kiswahili, rozari ya Oktoba, misiba miwili na sherehe ya Noeli mnavijua, sitavirudia. Kamati ilikutana kila ilipotimia akidi, yaani si mara nyingi.

Nije kwenye hija ya Preston, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, maana najua ndiyo iliyowaleta wengine leo. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp, hata yaliyofutwa haraka. Kwamba mwenyekiti kawapeleka watu kwenye Misa ya Kilatini wasiyoielewa. Kwamba ngoma na kayamba vilibaki kwenye basi. Ngoma niliamua mimi zibaki, hakuna aliyetukataza, na mkiniuliza tena nitajibu vilevile. Kwa watu tunaingia kwa hodi.

Kanisa la Mtakatifu Walburga tulilokwenda kuhiji sikuliokota njiani. Lilijengwa 1850 hadi 1854 kwa ramani ya Joseph Hansom, yuleyule aliyebuni gari la farasi la kukodi lililokuja kujaa London. Mnara wake una mita 94. Hakuna kanisa la parokia Uingereza lenye ncha ndefu kuliko hiyo, na mawe meupe ya ile ncha yalikuwa yamelazwa kwanza chini ya reli ya Longridge. Waumini walipopungua, mwaka 2014 Askofu wa Lancaster alilikabidhi kwa Taasisi ya Kristo Mfalme, shirika la mapadre ambalo huadhimisha Misa kwa Kilatini. Ndiyo maana milango ingali wazi.

Na Walburga mwenyewe? Mwingereza wa karne ya 8, aliyevuka bahari kwenda kuinjilisha Ujerumani akawa abesi, yaani mama mkuu wa monasteri, wa Heidenheim. Watawa Wabenediktini waliofungua misioni zetu za kusini mwa Tanzania, Peramiho karibu na Songea 1898 na Ndanda 1906, walitoka Ujerumani hiyohiyo. Halafu mtu wa Songea ananiuliza Preston tunatafuta nini! Mzee wetu mmoja aliyelelewa Peramiho alisimama, kofia mkononi, akaimba Gloria ya Kilatini ya Misa ya Malaika mwanzo hadi mwisho bila kitabu, wakati vijana wetu wakitazamana. Waliokuwepo waliona. Ila waliokuwepo walikuwa 23, kwenye basi la watu 49, na wanaolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawakupanda.

Sasa fedha. Tulianza na pauni 1,140, zikaingia 1,060 (ada 420, nauli na michango 640), zikatoka 1,385: basi 620, rambirambi 450, ukumbi, chakula na mengineyo 315. Zimebaki 815. Wanachama tuko 51, waliolipa ada ya pauni 20 ni 21. Preston ya Hansom ilikuwa mji wa viwanda vya pamba na mishahara ya kubana, wakasimamisha mnara ule. Sisi pauni 20 kwa mwaka zinatushinda, ila msiba ukitokea simu ya kwanza ni kwa mwenyekiti. Mara mbili pengo la basi na ukumbi nimeliziba kwa mfuko wangu. Sidai, nasema tu ijulikane.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kufufua kwaya ya vijana, kununua kinanda, na kwenda hija nyingine mahali tutakapokubaliana. Anayeona angeongoza vizuri zaidi, fomu za kugombea ziko kwa katibu. Ziambatanishwe na risiti ya ada.