Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Unita Blackwell, Meya wa Mayersville

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati ya Utendaji iache kugawa mwaka wetu wa mafunzo katika mada nyingi ndogo ndogo, na badala yake imchague kiongozi mmoja wa ngazi ya chini tumsome kwa kina, kwa kuwa wengi wetu tuliomo humu tumekuwa madiwani au wenyeviti wa vijiji, ilhali maandiko ya uongozi yanayotufikia huwahusu marais na mawaziri. Kamati ilimchagua Unita Blackwell, meya wa mji mdogo wa Mayersville katika jimbo la Mississippi, Marekani, ambaye pia alikuwa makamu mwenyekiti wa chama cha Democratic jimboni humo. Baada ya kumsoma mwaka mzima, mimi binafsi naamini kwamba katika yote aliyoyafanya, kubwa zaidi ni kuipatia Mayersville hadhi ya mji kisheria, na taarifa hii imejengwa juu ya hoja hiyo.

Alizaliwa mwaka 1933 huko Lula, Mississippi, katika familia ya wakulima waliolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Shule za watoto Weusi katika eneo hilo zilifuata msimu wa pamba, hivyo alipelekwa ng'ambo ya mto, jimboni Arkansas, akasoma huko hadi darasa la nane, akaishia hapo. Ukubwani alikuwa kibarua wa palizi na wa kuchuma pamba.

Kiangazi cha mwaka 1964 vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikiwahamasisha Weusi wa Kusini wajiandikishe kupiga kura, walifika Mayersville, ambayo ndiyo makao makuu ya kaunti ya Issaquena. Blackwell na wenzake saba walikwenda kwenye jengo la mahakama ya kaunti kuomba kufanya mtihani wa mpiga kura, ambao ulimtaka mwombaji aeleze maana ya kifungu cha katiba ya jimbo kwa namna itakayomridhisha karani. Wakulima Wazungu walikuja kuwatisha pale pale walipokuwa wakisubiri zamu, na hadi mwisho ni wawili tu kati ya hao wanane walioruhusiwa kuufanya. Baada ya siku hiyo, yeye na mumewe walikosa kazi ya shambani. Alirudi mahakamani mara ya pili, akarudi mara ya tatu, ndipo akaandikishwa. Nawaomba wanachama mliowahi kusimamia daftari la wapiga kura mlitafakari jambo hilo, maana mnafahamu vizuri mamlaka aliyonayo mtu anayeshika daftari.

Kuanzia hapo alifanya kazi na SNCC, na alikamatwa na kuwekwa mahabusu mara nyingi mno. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Mississippi Freedom Democratic Party, chama kilichoundwa kuwawakilisha Weusi waliofungiwa nje ya Democratic ya jimbo, waliokwenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa Democratic, kudai viti vya ujumbe wa jimbo lao, kwa kuwa ujumbe rasmi ulikuwa wa Wazungu watupu na Weusi walikuwa wamezuiwa kushiriki kuuchagua. Walipewa viti viwili, wakavikataa. Baadhi yetu katika mjadala wa tawi walisema kukataa kule kulikuwa kosa la kisiasa. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu viti vile vilitolewa bila wajumbe wenyewe kuachiwa wachague nani avikalie, na mwakilishi aliyechaguliwa na mwingine hawakilishi waliomtuma.

Wanachama watapenda kujua kwamba Robert Moses, kiongozi wa SNCC aliyeelekeza kazi ya Mississippi mwaka ule, baadaye alihamia Tanzania na kufundisha hisabati Same kabla ya kurejea kwao katikati ya miaka ya 1970.

Sasa nije kwenye mwaka 1976, ambao ndio kiini cha mafunzo yetu. Mbawa mbili za Democratic jimboni Mississippi, zilizokuwa zimetengana kwa miaka mingi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ziliungana, na Blackwell akawa makamu mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1980. Kibarua aliyefukuzwa shambani kwa kutaka kura alikuwa sasa katika uongozi wa chama kile kile kilichowahi kumfungia mlango. Mwaka huo huo alichaguliwa meya wa Mayersville, mwanamke wa kwanza Mweusi kuwa meya katika jimbo zima, na kiti hicho alikikalia kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata hadi 2001. Jengo lile la mahakama alikowahi kutishwa lilikuwa ndani ya mji aliouongoza.

Mayersville ilikuwa makazi ya watu mia chache kando ya mto Mississippi, bila hadhi ya mji, na makazi yasiyo na hadhi hayawezi kuchagua baraza lake, kutoza kodi yake, wala kupokea kwa jina lake fedha za serikali kuu. Blackwell aliongoza usajili wake kuwa mji, na baada ya hapo vilifuata, kwa fedha za ruzuku, mfumo wa maji, barabara za lami, polisi na zimamoto, na nyumba za wazee na watu wenye ulemavu. Ujenzi wa nyumba ulikuwa fani yake tayari, kwani kabla ya umeya alikuwa amezunguka majimbo mbalimbali kwa niaba ya National Council of Negro Women, jumuiya ya wanawake Weusi wa Marekani, akihimiza ujenzi wa nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Akiwa madarakani alijiunga na Chuo Kikuu cha Massachusetts bila kupitia sekondari, akapata shahada ya uzamili ya mipango ya maeneo mwaka 1983. Huo ni ujasiri wa aina yake: meya mzima, mwenye umri wa karibu miaka 50, akikubali kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1992 alipata tuzo ya MacArthur, fedha ambazo taasisi ya Marekani yenye jina hilo huwapa watu wenye vipaji vya pekee. Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa Kongresi, akashindwa na Bennie Thompson. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 86.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilivipa vijiji nafasi ya kuandikishwa kisheria, mwaka mmoja kabla ya Mayersville kuwa na meya. Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao kila tawi litafute cheti cha kuandikishwa cha kijiji chake, lipitie kumbukumbu za mikutano ya miaka ya mwanzo, na lilete katika Mkutano Mkuu maelezo ya maandishi ya kile ambacho kijiji kiliweza kufanya baada ya kukipata. Pale ambapo cheti kimepotea, Katibu ataandaa barua ya kuomba nakala halmashauri, na matawi yatume majina ya vijiji hivyo kwake kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Utendaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti