Kabla miwani ya uhalisia pepe haijafungwa kwenye bembea za Mwanza

Ndugu Mhariri,

Wanaofikiria kuleta miwani ya uhalisia pepe (VR), inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa kwa kompyuta, kwenye bembea na vijitreni vya watoto hapa Mwanza, iwe viwanja vya Furahisha siku za Idi au Nyamhongolo wakati wa Nanenane, tunawaomba kwanza watazame yaliyoipata bustani ya burudani ya Alton Towers, Uingereza. Huko kuna rola-kosta, yaani treni ya burudani inayokimbia kwenye reli za kupanda, kushuka na kupinda, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa jina la Air, ambayo abiria wake husafiri kifudifudi, wakining'inia chini ya reli. Machi 2016 ikapewa jina jipya, Galactica, na abiria wakavishwa miwani ya Samsung Gear VR, yenye simu ndani yake, wakaonyeshwa safari ya anga za juu. Msimu wa 2019 ulipoanza, miwani ilikwisha kuondolewa. Reli na treni vikabaki.

Bustani ya SeaWorld ya Orlando, Marekani, nayo ilivika miwani abiria wa rola-kosta yake Kraken mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikaivua.

Kilichoiangusha zaidi biashara hii ni muda unaopotea kituoni. Treni ya Galactica ina viti 28. Tuchukue mfano kwamba treni inaondoka kila sekunde 90: kwa saa zitaondoka treni 40, watu 1,120. Sasa mhudumu afute kila miwani, akaze mikanda, amsaidie mwenye miwani ya macho, ahakikishe picha inaonekana. Treni ikianza kuondoka kila baada ya dakika 4, kwa saa zitaondoka 15 tu, watu 420. Foleni inakuwa karibu mara tatu, umeme na mishahara vikiwa vilevile. Simu moja ikigoma, abiria 27 wanamsubiri mmoja.

Bustani ya Europa-Park ya Ujerumani, iliyoanza mchezo huu Septemba 2015 kwenye rola-kosta yake Alpenexpress, ilielewa jambo hili. Ilipoikarabati rola-kosta yake nyingine, Eurosat, mwaka 2018, wenye miwani waliwekewa mlango wao na kituo chao cha kupandia, ili wasiwacheleweshe wengine. Hilo ndilo jibu la kihandisi, na ni ghali.

Tatizo la pili liko ndani ya miwani yenyewe. Jairoskopu ya simu hupima mzunguko wote, wa kichwa na wa treni kwa pamoja, wala haiwezi kuutenganisha. Kwa hiyo treni hufungwa kihisio kinachosoma mzunguko wa gurudumu, na kisanduku kinachotuma kwa mawimbi habari za mahali ilipofika. Programu hutumia habari hizo kuondoa mizunguko ya treni kwenye hesabu. Hata hivyo jairoskopu hupotoka kidogo kidogo, na mtazamo lazima urekebishwe mara kwa mara. Picha ikichelewa, sikio la ndani linasema tumekata kona na macho yanasema bado, na hapo ndipo kichefuchefu kinapoanza. Watengenezaji hulenga ucheleweshaji usiozidi milisekunde 20 hivi.

Bembea ya kuzunguka haina kihisio hicho. Mvishe mtoto miwani humo, na programu itadhani anageuza kichwa bila kukoma. Miwani ya sasa inayojipima kwa kamera nayo huchanganyikiwa, kwa sababu kamera zinaona kiti kimetulia huku uwanja mzima unapita. Tunasema wazi: isifungwe kwenye chombo chochote kinachozunguka.

Anayetaka kufanya biashara hii kando ya ziwa aweke viti visivyosogea, chini ya paa. Paa ni lazima. Lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuuelekeza kwenye skrini, na miwani iliyoachwa mezani ikitazama juu huungua alama isiyofutika kwa muda mfupi sana. Ikivuliwa tu, ifunikwe kwa kitambaa au ilazwe lenzi zikitazama chini. Wakati wa masika lenzi hujaa ukungu kwa jasho la uso. Feni ndogo husaidia. Sponji ya usoni ibadilishwe kwa ngozi bandia inayofutika, na dawa ya kufutia ikauke kabla ya mteja mwingine kuvaa, maana ikiachwa mbichi inawasha macho.

Hesabu ya viti 4: filamu dakika 5, kufuta na kufunga mikanda dakika 3, jumla 8. Kwa saa ni watu 30. Bei ya tiketi ipangwe kwa watu hao 30, hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani. Betri hudumu takriban saa 2, hivyo zinahitajika miwani 4 za kutumika, 4 za kuchajiwa na 2 za akiba. Umeme ukikatika mchana kutwa bila jenereta, kazi imekwisha kabla ya jioni, wakati wateja ndio wanaanza kuja.

Na umri. Watengenezaji wa Gear VR walishauri isivaliwe na walio chini ya miaka 13, na bustani za Six Flags za Marekani zililifanya hilo kuwa sharti. Wateja wengi wa sikukuu hapa kwetu wana miaka 6 hadi 10. Mwenye mtaji atafakari hili kabla hajalipia mzigo, na maofisa wanaotoa vibali vya viwanja wamuulize ameweka umri gani langoni na nani atakayeusimamia.

Mafundi wa vifaa vya elektroniki,
Kirumba, Mwanza