Kwa mdogo wangu uliyetuma wimbo matangani

Mdogo wangu,

Tangu tumzike Bibi hatujasemezana. Nasikia unawaambia watu kwamba ule wimbo uliotuma uchezwe kaburini, walioimba rafiki zako wa jeshini, niliuzima kwa sababu siujui na siwathamini rafiki zako. Naujua. Isa Lei, huo wimbo wa kuagana wa Fiji, nimeusikiliza na kuusomea kuliko unavyodhani.

Wafiji husema aliutunga Ratu Lala Sukuna mwaka 1916. Huyo ni mtu ambaye wewe hasa ungempenda: chifu aliyekuwa akisoma Oxford Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza wakamkataa jeshini, akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akajeruhiwa, akarudi kwao na nishani. Watonga hawakubaliani na habari hiyo. Wao husema wimbo ni wa chifu wao, Tuʻi Vakano, na kwamba ulivuka bahari ukavishwa maneno ya Kifiji. Mpaka leo wanavutana. The Seekers wa Australia wakauimba miaka ya 1960. Halafu kuna ule wa 1993, wa Ry Cooder na Vishwa Mohan Bhatt, Mmarekani na Mhindi waliokuwa ndiyo kwanza wamekutana. Walirekodi ndani ya kanisa huko California, kila mmoja na gitaa lake la kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, na hakuna anayeimba hata neno. Albamu yao ikapata tuzo ya Grammy. Mimi naupenda huo kuliko yote. Nikikukumbuka usiku ndio ninaouweka.

Kwa hiyo usiseme siujui.

Ninachokikumbuka ni pale kaburini. Jeneza lilikuwa limeshashuka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesimama tayari kumwimbia Bibi wimbo wake, ule aliokuwa akiuanzisha mwenyewe kila Jumapili hata sauti ilipokwisha. Mara yule mtoto wa shangazi akainua simu, kwa maagizo yako, akaichomeka kwenye spika. Wanaume wakaanza kuimba, sauti nzuri, nzito, zilizopangana. Akina mama wakatazamana. Mmoja akafungua kitabu cha nyimbo akidhani umo, akapekua, akakifunga. Watu wameshika udongo mkononi hawajui watupe au wangoje. Nikanyoosha mkono nikazima. Ningefanya nini kingine? Niwaache wazee wasimame juani wakingoja spika imalize?

Na wimbo wenyewe hauko hivyo, mdogo wangu. Huo ni wimbo wa mwenyeji kumwimbia mgeni anayeondoka. Meli iking'oa nanga Suva, mji mkuu wa Fiji, wanaobaki ndio wanaoimba, wanamwambia kuondoka kwake kumewaumiza, asiwasahau. Anayeondoka husikiliza. Wewe ndiye uliyeondoka. Siku ile pale stendi Bibi alikushika mkono dirishani mpaka gari likaanza kutembea, akiimba, na watu wote wakinyamaza. Uliinamisha kichwa. Alikuimbia wewe, akiwa hai, uso kwa uso. Zamu yako ilipofika ukamtumia faili.

Najua kazi yako haina ruhusa za ovyo. Najua pia ulilipia jeneza, na dawa za miaka yote, na Bibi aliwatajia wageni jina lako kabla ya majina yetu sisi tuliokuwa tukimwogesha. Sikuwahi kumkatiza. Nilimwacha akusifu, nikaendelea kukamua kitambaa. Kwa hiyo ukiniambia nina wivu unanionea. Mtu mwenye wivu asingekuwekea kiti mbele, pamoja na wajukuu, nikakilinda asikikalie mtu mpaka misa ilipoanza.

Desemba tunajengea kaburi. Mafundi nimeshawapa pesa ya saruji, hiyo usitume. Njoo wewe. Kama wale rafiki zako wanaweza, waje nao na gitaa zao, watalala kwangu. Siku mnayoondoka waimbe huo wimbo wenyewe uani, wote, mpaka ubeti wa mwisho, na mimi nitasimama pale pale. Treni ya asubuhi kutoka Nairobi inasimama Voi. Niambie tarehe nije nikupokee.

Dada yako