Kaka, yule mzee alifia kwenye bembea

Kaka,

Simu hupokei, na ujumbe wangu naona unasomwa tu. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana najua shemeji hupita huku na atakusomea.

Siku ile ulisema filamu za mateso ni za watu walioshiba, kwamba aliyekesha na mgonjwa hana haja ya kutafuta mateso mengine kwenye kioo. Nilikosa la kukujibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza Mzee usiku na kumpa dawa kwa saa. Mimi nilikuja siku tisa, na begi na kompyuta. Hilo sikunyang'anyi.

Lakini ugonjwa huu wa filamu umeniambukiza wewe. Si ndiwe uliyenionyesha ile ya Kiitaliano ya baiskeli, ya De Sica ya 1948, mimi bado mtoto? Baba kaibiwa baiskeli, na bila baiskeli kazi ya kubandika mabango hana. Mwisho naye anajaribu kuiba, anakamatwa, anadhalilishwa mwanawe akiona. Nililia, ukaniambia niache kulia nitazame mkono wa yule mtoto unavyoingia kwenye mkono wa babake. Ukaniambia pia kwamba yule baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mimi nimeishi na ule mkono miaka yote hii. Wewe uliusahau lini?

Turudi kwenye ile nyingine, niliyomwonyesha Mzee. Ikiru, ya Kurosawa, 1952. Neno lenyewe kwa Kijapani ni "kuishi", na hiyo ndiyo sababu niliyompa kila aliyeniuliza kwa nini niliichagua. Mzee Watanabe ni mkuu wa idara ofisi ya manispaa, karibu miaka 30 anagonga mihuri. Tumbo linamsumbua. Hospitalini, wakati anasubiri zamu yake, mgonjwa asiyemjua anamsogelea na kumweleza: wakikuambia ni kidonda kidogo tu cha tumbo, na ule chochote utakacho, basi jua ni saratani, na mwaka huumalizi. Anaingia kwa daktari. Daktari anamwambia ni kidonda kidogo tu.

Maneno yale yale, Kaka. Wewe ndiye uliyetupangia tumwambie Mzee vile, na sote tukaimba wimbo mmoja.

Macho ya Mzee hayakuweza tena kusoma yale maandishi ya chini, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Ningeweza kuruka. Sikuruka. Mzee akanyoosha kidole: "Rudisha." Nikarudisha, nikatafsiri tena, na safari hii hakutazama kioo wala hakunitazama mimi, alikuwa anatazama chupa ya dawa mezani. Ndipo ulipoingia na glasi ya maji, ukaikuta sauti yangu inasema "kidonda kidogo tu". Ukaiweka glasi polepole (laiti ungeitupa!), ukaifunga kompyuta, ukaitia kwapani. Mlangoni ukasema, "Umemuua wewe."

Mzee alikuwa anasikia. Neno lenyewe nimeshalimeza, maana hasira ni hasira. Lakini ulilisema anasikia.

Niliwaambia wote kwamba ile sehemu nilikuwa nimeisahau, filamu niliiona mara moja tu, zamani. Haya, sikuisahau. Nilitaka mtu baki ndiye amwambie, kwa sababu mimi mwanawe ulimi ulikuwa mzito. Kama ni woga, basi ni woga. Wako uliitwa kumlinda.

Ningekuomba uitazame mpaka mwisho. Watanabe anakufa filamu ikiwa bado haijaisha. Iliyobaki ni matanga, wenzake wa ofisini wamelewa wanabishana ni nani hasa aliyejenga kile kiwanja cha kuchezea watoto. Ni yeye. Alizunguka ofisi hadi ofisi akiinamia watu, mpaka pale palipokuwa na maji machafu watoto wakapata bembea. Ndiyo maana nakataa kuiita filamu ya mateso. Mwanawe yupo matangani, anashikilia kwamba baba hakujua, kwamba angejua angewaambia. Kila nikifika hapo nakuona wewe. Najiona na mimi, ila wewe zaidi.

Kuna jambo hulijui. Nilipokwisha kuondoka, Mzee alinipigia simu usiku, wewe umelala. Habari za ugonjwa hakuzigusa. Aliuliza, "Yule mzee wako aliishia wapi?"

Nikamwambia aliishia kwenye bembea, usiku, theluji inaanguka, anaimba taratibu. Polisi mmoja alimwona akadhani ni mlevi.

Akanyamaza, nikawa nasikia pumzi zake tu. "Peke yake?"

Kwenye filamu yuko peke yake, Kaka. Na mtoto anaye mmoja tu.

"Hapana," nikasema. "Mwanawe alikuwa anamsukuma."

Akauliza, "Yule mkubwa?"

Nikasema ndiyo, mkubwa.