Kwa vijana wa maboti ya Lamu: ile kamba nyekundu ifungeni

Wanangu,

Jioni hizi mbele ya kijiji cha Shela mnakata kona za ghafla, mashine imefunguliwa hadi mwisho, abiria wamejazana ubavu mmoja ili simu iwapate vizuri. Majaketi ya kuokolea maisha yamekaliwa kama mito. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine inaning'inia tu, haikufungwa kwa mtu.

Kamba hiyo kazi yake ni moja: nahodha akirushwa majini, inachomoka naye na mashine inazima. Isipofungwa, boti halisimami. Usukani ukikosa mkono, mashine hujipinda yenyewe, boti likazunguka kwa kasi na kurudi pale pale alipoangukia mtu, parapela ingali inakata. Hapo hata aliyezaliwa na bahari kuogelea hakumfai kitu. Ifungeni mkononi au juu ya goti kabla ya kuondoka, na kila asubuhi ichomoeni mashine ikiwa inanguruma. Isipozima, msitoke.

Jaketi likikaliwa kila siku povu lake hubonyea, nguvu yake ya kuelea ikapungua. Vifungo vyote vifungwe. Mtoto apewe la uzito wake.

Upepo wa kusi ukivuma na maji yanakupwa, mlango wa bahari wa Shela si ule wa asubuhi. Upepo waingia, maji yatoka, mawimbi yanasimama mafupi, ya wima. Siku za bamvua, maji makuu, ndiyo zaidi. Ngojeni maji yageuke.

Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, alikadiria kwamba mtu huikubali hatari aliyojichagulia hata ikiwa kubwa mara 1,000 hivi kuliko ile aliyotwikwa. Wewe uliyeshika usukani umejichagulia. Yule mama aliyekaa omo, mbele ya boti, buibui limerowa, amemkumbatia mwanawe, hakuchagua.

Nasi wazazi tumekosa. Twaona video ya ndege iliyoanguka nchi za mbali, twaogopa kupanda ndege uwanja wa Manda, kisha twaingia boti lililojaa pomoni bila kuuliza. Mtoto twamkataza kuogelea, twampa simu, na humo anafunzwa kwamba shujaa ni yule anayetazamwa. Majahazini, nahodha aliyeteremsha foromali, mti wa tanga, mapema hakuitwa mwoga.

Na nyinyi abiria wa gati la Mokowe, upande wa bara: nahodha akiwaambia tungoje maji, msimpigie kelele, wala msihamie boti la pili.