Mwanangu, pango si mshahara

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ananiambia mwisho wa mwezi unaacha kazi, utaishi kwa pango la zile nyumba tatu. Nimefurahi, sikufichi. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika hapo kwa umri wako. Lakini mbona habari hii nimeisikia kwa mwingine?

Tangu jana najiuliza, utajilipa kutoka wapi? Pango likiingia bado si lako. Toa marejesho ya mkopo wa benki, bima, kodi ya serikali, fundi, na miezi ambayo nyumba itakaa tupu. Kitakachobaki ndicho cha kujilipa, na hicho nacho usikimalize. Tena hesabu ya faida isikudanganye: katika marejesho hayo, kwenye vitabu gharama ni riba tu, ilhali deni lenyewe nalo unalipunguza kila mwezi kwa pesa taslimu. Unaweza kuonyesha faida na akaunti ikawa kavu.

Ukisajili kampuni, pesa ni ya kampuni. Itakulipa mshahara, au gawio faida ikipatikana, au itakurudishia ulichoikopesha. Kwa kodi njia hizi hazilingani, mwone mhasibu. Nyumba zikiwa kwa jina lako unachota tu, na hapo ndipo roho yangu inaposhtuka, maana hakuna wa kukuzuia. Fungua akaunti ya pango peke yake, ujihamishie kiasi kilekile kila mwezi. Na ukikopa tena kwa sababu nyumba imepanda thamani, hiyo pesa ni deni, usiihesabu faida.

Amana ya mpangaji, ile anayoiweka akiingia na kurudishiwa akihama, usiiguse kabisa. Ile bahasha niliyokutuma ukaichukue kwa shangazi yako, siku mpangaji wetu alipohama, haikuwa mchango wa harusi. Amana yake ilikuwa imeshalipa ada yako ya shule. Alikaa kwenye ngazi na godoro lake limefungwa kamba mpaka jioni, akisubiri, wala hakunitolea neno baya.

Basi niambie, hiyo akaunti umeshaifungua? Usinijibu kuwa utafungua.

Baba yako ameng'oa rafu ya chumbani kwako, ukuta umeingia unyevu. Vitabu vyako viko sandukuni, chini ya kitanda changu. Ukija, njoo na ufunguo wa kabati, uliondoka nao.

Mama yako