Mashine ya tansio ikae Mugogo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakubwa wa afya wa Walungu, hapa Kivu Kusini, pamoja na mama wenzangu wa AVEC, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana pesa, juu ya mashine ya kupima tansio, yaani presha ya damu.

Ninauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mzigo ninaufuata Mugogo, huko Walungu, kwa hiyo habari za wagonjwa wa huko zinanifikia mapema. Mtu akianguka ghafula, mdomo ukapinda, mkono ukalegea, neno la kwanza ni karuho: amelishwa sumu. Kwa mjomba wangu ilikuwa hivyo. Ukoo ukaanza kumtazama jirani kwa jicho baya, mjomba akanyweshwa dawa za kutapisha, mbuzi wakauzwa kumlipa mganga. Alipofikishwa hospitali huku mjini ndipo alipopimwa tansio kwa mara ya kwanza maishani mwake, nayo ilikuwa imepanda vibaya sana. Leo anaongea kwa shida na jembe hashiki tena.

Tansio haiumi. Mtu anaweza kupita 140 kwa 90, kipimo ambacho tansio huhesabiwa imepanda, miaka na miaka huku analima na kubeba magunia.

Kampeni za kupima zinakuja na gari na kuondoka nalo. AVEC zetu zinabaki. Mkutano upo, kaye ya kuandikia ipo, na watu wanaaminiana mpaka wanawekeana pesa. Basi mashine ikae humo, na titulaire, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, amfundishe RECO mmoja, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini, kupima vizuri: mtu akae kwanza atulie, mkono uwe mezani, apimwe mara mbili. Aliyezidi apewe karatasi ya kwenda kituoni. Kisanduku cha msaada, kile kinachotoa pesa ya msiba na ya uzazi, kimsaidie asiyeweza kununua vidonge. Dawa hii si kama ya malaria, umeze siku 3 umalize. Ni ya kila siku, na wengi wanaiacha wakijisikia vizuri.

Zone ya afya nayo ilete vidonge, na CODESA, kamati ya wananchi ya afya, ifuatilie. Kumwambia mama ana tansio kisha kumwonyesha kabati tupu ni kumtesa bure.

Chumvi haihitaji kungoja mtu. OMS, shirika la afya la dunia, inasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na sisi sombe, majani ya muhogo, tunaitia chumvi, kubu ya kukoleza mchuzi yenye chumvi nayo, halafu samaki wa chumvi juu. Nyumbani kwangu kubu nimeiondoa. Watoto walinuna, sasa wanakula.

AVEC yetu ya Kadutu iko tayari kuchangia mashine ya kwanza. Titulaire wa upande wa Mugogo atakayekubali kufundisha, atuulizie sokoni, kwenye safu ya unga.

Mama muuza unga, Kadutu, Bukavu